Lubembo na Tumbo Langu: Kolwezi Mpaka Musumba

Tangu nirudi, duka langu limegeuka baraza. Watu wanaingia kununua kipande cha sabuni, wanakaa mpaka adhuhuri wakiuliza, "Mama Mwavita, kule kulikuwa namna gani? Ni kweli ulipiga kengele ya machifu?" Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikisimulia, ndugu yangu Ramazani anatia chumvi yake. Basi nimeandika. Anayetaka kujua asome, na sabuni anunue.

Kolwezi, nyuma ya ukuta wangu

Jirani yangu wa nyuma ni tata Kapend (tata ni baba, kwa heshima), fundi wa kuchomelea vyuma. Ni Mlunda wa upande wa Musumba. Alikuja huku kijana kuchimba, baadaye akaacha mashimo akashika moto wa kuchomelea. Mkewe alishafariki na watoto wake wana miji yao. Ni mwembamba hivi kwamba shati linamning'inia kama bado liko kwenye kamba. Mtu mwema, sikatai, lakini kiangazi hiki alinitoa roho kwa nyundo yake. Asubuhi ko-ko-ko, jioni ko-ko-ko. Sisi ambao baba zetu walitoka Maniema tunapenda dufu na kasida, tena kwa kiasi. Chuma kwa chuma mimi kinaniuma meno.

Siku moja nikazunguka ukuta kwenda kugomba.

"Tata Kapend, ni nini hii? Unapiga sufuria moja tu mwezi muzima?"

"Haiko sufuria, mama. Ni lubembo."

Akanipa nilishike. Vikombe viwili virefu vya chuma cha pua, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, vimeunganishwa juu kwa mpini uliopinda. Alikuwa amevikata kutoka kwenye tangi bovu, akavikunja, akavichomelea ubavuni. Midomo wazi, na ndani hamna kitu kinachoning'inia. Kengele gani hiyo? Mwenyewe unaishika mkononi na kuigonga kwa kijiti chenye kichwa cha mpira.

Akaniambia habari yote. Chifu wa kijiji chao alikuwa amekufa, na mjomba wake Kapend, ndugu wa mama yake, alikuwa amechaguliwa kukalia kiti. Lakini kwao chifu hakalii kiti mpaka lubembo limeita majina ya waliotangulia. La zamani lilikuwa limepasuka, na wafua chuma wa kijiji wote wamezikwa. Kapend aliahidi kuleta jipya. Wazee wakilikataa, watakwenda kuazima la kijiji cha ng'ambo ya mto, watu waliogombana nao miaka mingi kwa ajili ya mahali pa kuvulia samaki.

"Kuazima lubembo, mama, ni sawa kuazima kinywa ya kuitia baba yako," alisema. "Bakikubali yangu, mi niko mutoto wa kule tena. Bakikatala, nitabaki tu ule mutu wa Kolwezi mwenye kuletaka bipande bya mabati."

Hasira yangu ikanywea. Ramazani alikuwa anapakia lori chumvi, sabuni na vitenge vya kupeleka Kapanga, upande huo huo wa Musumba, na kila kiangazi mimi huenda naye, maana nisipokwenda anauza kwa huruma. Nikamwambia Kapend apande pamoja nasi, kwa sharti moja: ndani ya lori asiligonge.

Njia ya Mutshatsha: watu wanatoka ardhini

Tulikaa watu watatu mbele, Ramazani kwenye usukani, mimi katikati, na Kapend dirishani na lubembo lake mapajani, limefungwa kitenge kama mtoto mchanga. Hatujaenda mbali, rejeta ikaanza kuchemka. Ramazani akasimama karibu na karyere moja, yaani machimbo, ya wachimbaji wadogo, vijana wa Kasai, wa Kivu, wa Likasi, kila mmoja na lugha yake na wote vumbi moja. Pembeni akina mama walikuwa wanauza bukari, ugali wetu, na maharagwe.

Nikaenda kuagiza chakula. Kapend akaona sasa yuko nje ya lori, sharti limekwisha. Akafungua kitenge, akasimama kwenye kichuguu, akaligonga haraka haraka kujaribu sauti mahali pa wazi.

Jamani! Watu wakaanza kutoka ardhini. Kila shimo lilitema vijana, wekundu kwa udongo, wengine peku, wote mbio kuelekea barabarani. Mama wa maharagwe akapiga teke sufuria yake mwenyewe akakimbia. Nami nikakimbia. Sikujua nakimbia nini, ila huwezi kubaki umekaa watu wote wanapokimbia. Kandambili moja niliiacha pale pale.

Kumbe kwenye karyere ile wametundika rimu ya gurudumu kwenye mti. Ikigongwa haraka, maana yake ardhi imepasuka, tokeni. Na Kapend aliwahi kuwa mchimbaji!

"Wakati yetu tulipigaka filimbi," alisema baadaye, kwa sauti ndogo.

Walipogundua hakuna kilichoanguka, wakatuzunguka. Kijana mmoja mrefu mwenye taa kwenye paji la uso akaja mpaka usoni pa Kapend. "Tata, unaua batu! Siye tunapanda na kamba mbio, kamba inakatika, mutu anaanguka. Utaambia mama yake nini?"

Kapend hakujitetea. Alipiga magoti kwenye vumbi, akapiga makofi polepole kama Walunda wanavyofanya mbele ya mkubwa, yeye mwenye mvi mbele ya kijana anayeweza kuwa mjukuu wake. Hasira ikawaishia mikononi. Utampiga vipi mzee aliyekupigia magoti?

"Amuka, tata, amuka," yule kijana akasema. "Na hii kitu ni nini?"

Kapend akaeleza. Wakanong'onezana, kisha kijana akasema, "Basi piga tena. Lakini polepole. Ile ya kutufukuza tumesikia, sasa utupe ya kupumuzika."

Akagonga kikubwa, akangoja, akagonga kidogo. Wakaketi mmoja mmoja, wakinywa maji. Mama wa maharagwe tu ndiye hakutulia. "Na maharagi yangu? Nayo itapumuzika udongoni?" Nikampa miche ya sabuni mpaka akacheka. Hakuna aliyeshuka shimoni mpaka rejeta ilipopoa. Mimi nilikaa pembeni na kandambili yangu, na nikaona kwamba nje, mbali na ukuta wangu, sauti ile haiumi meno. Sikumwambia mtu.

Kabla ya Kasaji: springi

Mutshatsha tuliipita salama. Mbele yake mchanga ni mwingi, na ndani ya mchanga kulikuwa na shimo lililokuwa linamngoja Ramazani. Springi ikavunjika. Akaingia chini ya lori, akatoka, akasema neno ambalo marehemu mama yetu angelisikia, angempiga kwa mwiko. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja gari la kutoka Dilolo, labda lina springi ya ziada.

Tukangoja. Tulikula mihogo ya kuchoma na kikanda tulichonunua kwa mama aliyepita na beseni kichwani. Kikanda, kwa wenzangu msiokijua, ni mkate wa mizizi na karanga, unakatwa vipande kama nyama, na ukiutia pilipili unasahau springi.

Kapend hakula. Alikuwa anagonga na kusikiliza, anagonga na kutikisa kichwa.

"Baya?" nikauliza.

"Haiko baya. Ni kavu. Mukubwa mwenye kupigaka kule kwetu, akipiga, inasema *wo-o-u*. Inaita mutu. Yangu inasema *te*. Inagonga mulango, na mulango haufunguke."

Alilikumbuka lile la zamani likishikwa hivi, karibu na mwili, midomo ya vikombe ikifunguka na kufunga. Alikuwa mtoto, hakuona vizuri. Akajaribu kulibana kifuani, likagonga mbavu. Akajaribu pajani, likagonga mfupa. Nikachoka kumtazama.

"Lete hapa," nikasema, "kabla sijalitupa."

Nilikuwa nimekaa chini, miguu nimenyoosha, kitenge kimefungwa juu ya tumbo langu. Tumbo hili mnalijua. Nimezaa, nimekula, sijutii. Nikaligonga kwa mzaha, mkono ukachoka, midomo ya vikombe ikalala tumboni kisha ikainuka.

*Wo-o-u.*

Niliisikia tumboni kabla ya kuisikia masikioni. Nilishtuka kama siku ile mtoto anapocheza kwa mara ya kwanza, unapojishika na kuuliza, ni wewe? Nikagonga tena. Nikilifunga tumboni, sauti inaingia ndani. Nikilifungua, inatoka imebadilika, imelegea, inakwenda zake porini. Kikubwa kinasema, kidogo kinajibu. Moyo ulinitulia kabisa. Mimi, mtu wa kugombana na nyundo!

Kichwa cha Ramazani kikagonga chuma chini ya lori. "Nani huyo?"

"Ni miye."

Akatoka akatutazama. "Dada, maisha yote nilikuwa najiuliza tumbo hilo la kazi gani."

Nikamrushia ganda la muhogo nikaendelea. Kwa kweli nusura sala ya adhuhuri inipite. Ramazani ndiye aliyenikumbusha kuswali. Kapend alikaa mbele yangu amekunja miguu, anafurahi na anahuzunika kwa pamoja. Sauti aliyoitafuta msimu mzima alikuwa ameipata, ila haikuwa mikononi mwake.

Jua lilipoanza kupungua, lori la Dilolo likatokea, limejaa samaki wakavu wa kutoka ng'ambo ya Angola. Dereva alikuwa na springi. Alikuwa pia na maneno, na ilibidi tusikilize yote ndipo atupe springi.

Sandoa: sombe ya kuchinjwa

Kesho yake, Sandoa, tulifikia kwa mama Kalenga, binamu wa marehemu mke wa Kapend. Alitupokea kwa mikono miwili, na muda si muda akaleta kuku aliyekwisha kupikwa, anang'aa kwa mafuta ya mawese. Mimi na Ramazani tukatazamana. Nikasema kwa upole, "Asanti sana, mama, lakini kuku hatutakula."

Uso wake ukafungika. Huko, mgeni anayekataa chakula anasema bila kusema kwamba mwenyeji ametia kitu. Akachukua sahani, akamega kipande, akakila mbele yetu huku anatukazia macho. Nikataka ardhi inimeze.

Kapend akaeleza kwamba sisi ni Waislamu, kuku lazima achinjwe na mwenzetu kwa jina la Mungu. Mama Kalenga akashusha pumzi ndefu. "Kumbe! Mi nilifikiri munaniita mulozi!" Akakimbia, akarudi na kuku mzima anayepiga kelele, akamkabidhi Ramazani na kisu. Tangu hapo akawa mwangalifu kupita kiasi. Binti yake alipotokea na beseni la majani ya mihogo, akamzuia mlangoni.

"Ngoja kwanza. Tata Ramazani, na hii sombe, nayo utachinja?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Na munkoyo wake, kinywaji cha huko! Nilimuuliza kama ni wa leo, maana munkoyo ukilala sana unakuwa pombe. "Ya leo, mama," akasema. "Ya juzi iko kule kwa balevi." Ulikuwa mtamu, una ladha ya mahindi na mizizi, nikanywa vikombe sitaki kusema vingapi.

Alasiri, binti alipokuwa anatwanga sombe kinuni, nikachukua lubembo na kufuata mchi wake. Mchi ukishuka, kikubwa, ukipanda, kidogo. Majirani wakaja uani. Mama Kalenga akafumba macho akasema hajaisikia sauti hiyo tangu alipoolewa akatoka kijijini. Nilijisikia mtu mkubwa.

Kapend hakuja kusikiliza. Nilimkuta nyuma ya nyumba, anajaribu kulisukuma tumbo lake mbele, hata halitoki.

"Huku inasikilika muzuri," akasema. "Lakini kule? Mwanamuke, tena mugeni, kupiga lubembo mbele ya bazee? Mi siyui, mama. Nilitokaka kule mutoto, sikufundishwaka kitu."

Kwa mara ya kwanza safari ile nikaogopa kwa ajili yake.

Kwao na Kapend

Kijiji chao kiko njiani, kabla hujafika Musumba. Barabara ya huko si barabara, ni ahadi. Tulipofika, watoto walikimbilia lori, lakini wakubwa walibaki wameketi. Kapend alishuka, akapiga magoti, akapiga makofi. Wakamjibu kwa makofi, wakamtazama mkono, si uso. Walitaka kuona alichobeba.

Mjomba wake, yule wa kukalia kiti, ni mzee mnene, mpole, hana maneno. Na hata angekuwa nayo asingeweza kusema, kwa sababu jambo lilikuwa la kiti chake mwenyewe. Aliyesema alikuwa mzee mwingine mwenye kofia ya sufu, tata Chijik, mkubwa kuliko wote.

Waliketi kwenye mikeka ndani ya ua. Kapend akagonga. *Te. Te-te.* Akalisogeza kifuani, akalisogeza ubavuni. Jasho lilikuwa linamchuruzika. *Te.* Wazee walisikiliza mpaka mwisho, hawakumkatiza, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Tata Chijik akakohoa. "Ni chuma nguvu," alisema. "Kazi ni muzuri. Lakini inapiga kelele, haiite mutu. Kesho tutatuma batu ngambo."

Mjomba akainamisha kichwa. Kapend akaanza kulifunga lile lubembo kwenye kitenge, polepole, upande huu, upande ule. Mikono yake ilikuwa imeungua moto msimu mzima kwa ajili ya kitu kile.

Mnanijua. Nikikasirika mdomo unatangulia. Nilikuwa nimekaa na wanawake, nje ya wigo wa ukindu uliozunguka ua, nikasimama.

"Batata, bazee, munisamehe. Hii chuma haina kosa. Kosa iko ku mbavu ya ule mwenye kupiga. Lubembo inataka tumbo, na hii mutu hana."

Ramazani akafunika uso.

"Na weye ni wa nani hapa?" tata Chijik akauliza.

"Siko wa mutu, tata. Nauzisha sabuni. Lakini mi nilisikia hii kitu ikiita."

Wakaanza kujadiliana kwa Kilunda. Kapend akaja wigoni akanitafsiria kwa kunong'ona. Mmoja alisema mwanamke hajapata kuonekana akipiga lubembo mbele ya wazee. Mwingine akasema mgeni asiye na ukoo hana upande, hawezi kumpendelea mtu. Wa tatu akauliza kama watu wa ng'ambo watasikia habari hiyo na kuwacheka. Walizungushana hivyo mpaka mjomba mtu akajifuta jasho. Mwishowe tata Chijik akainua mkono.

"Hatujaona mwanamuke akipiga," alisema. "Basi hatutaona."

Akajizungusha mkekani, akatupa mgongo. Wote wakageuka kama yeye, mmoja baada ya mwingine, wakatazama ukindu. Kapend akaniingiza uani, akanipa lubembo, nikabaki nimesimama na migongo ya wazee mbele yangu.

Nikalilaza tumboni. Kapend akapiga magoti karibu yangu, akaanza kuyataja majina ya machifu wao kwa sauti ya chini, jina moja moja, akinionyesha kwa kidole wapi panapanda, wapi panashuka. Hayo alikuwa anayajua. Aliyasikia kwa mama yake tangu utotoni. Yeye akitaja, mimi nagonga, nafunga, nafungua. *Wo-o-u.* Jina la kwanza likaenda. La pili. Kwenye la tatu, bibi mmoja ndani ya nyumba, mama mdogo wake Kapend ambaye hatoki kitandani, akaitikia kwa sauti nyembamba kama mtu aliyeitwa na mwenzake wa zamani.

Kapend akasita, akalia, akaendelea kutaja huku analia. Nami nikalia nikiendelea kugonga.

Kisha nikaona mabega ya tata Chijik yanasogea. Alikuwa anapiga makofi, polepole, bado ametupa mgongo. Wengine wakamfuata, mjomba akiwa wa mwisho, makofi yale yale ya kumsalimu chifu, yote yakielekea ukindu. Majina yalipokwisha, wakageuka, wakajifanya hawakujua mimi niko wapi, na tata Chijik akasema na Kapend peke yake.

"Lubembo ni muzuri. Ni yetu. Ngambo hatuende." Akamtazama juu mpaka chini. "Lakini mwenye kupiga bado hayaiva. Siku ya kiti, ni weye utapiga, mbele ya batu, hatutageuza mugongo mara mbili. Basi Kolwezi hauende. Utabaki hapa, utakula, mpaka utapata tumbo."

Kicheko kilichotoka uani humo kilishtua hata kuku. Sijui kama alitania. Wanawake hawakuchukua kama utani. Kabla Ramazani hajamaliza kushusha chumvi, kila jiko la ukoo ule lilikuwa limetoa sahani: bukari, sombe, samaki, viwavi waliokaangwa, maboga. Wakazipanga mbele ya Kapend kwenye mkeka, wakaketi kumlinda asiinuke.

Tulikwenda Musumba kuuza, tukarudi kwa njia ile ile. Tulimkuta mahali pale pale, lubembo pembeni yake na tonge mkononi. Alijaribu kusimama kutuaga. Yule bibi mgonjwa, ambaye sasa walikuwa wamemtoa nje na kumlaza kivulini karibu naye, akamshika shati akamvuta chini.

"Kula, mutoto," akasema.

Mzee mzima mwenye mvi, akaketi, akala.